Unyayo wa Kiula

1

Kila Ijumaa, kabla jua halijapanda juu ya vilima, Kiula alikaa kwenye kigoda akanipa mgongo, akavua shati, kisha akasema neno moja.

"Soma."

Bila neno hilo hakuna anayeruhusiwa kumtazama mwenzake. Sheria ya kusomana migongo ina kurasa nyingi, lakini hilo la kusubiri mtu aseme "soma" halimo hata kwenye ukurasa mmoja. Watu walijiwekea wenyewe, nadhani kwa aibu. Kuvuliwa nguo na serikali kila wiki si jambo dogo, basi tukabakiza kitu kimoja mikononi mwetu: nitavua mimi mwenyewe, na utatazama nikikuambia. Niliwahi kusikia habari za bwana mmoja wa Nzega aliyemsoma mkewe usingizini. Ndugu wa mke walikuja kumchukua binti yao siku hiyo hiyo, na hapakutokea mtu wa kusuluhisha.

Akishasema, niliwasha jicho, kile kidude cha kioo kisichozidi ukubwa wa kiberiti, nikaanzia nyuma ya masikio. Masikio, shingo, mabega, mgongo hadi kiunoni. Jicho hupiga picha na kuilinganisha na ya wiki iliyopita. Mimi nililinganisha kwa macho yangu pia, kwa sababu sikulipenda jicho na sikuliamini. Mgongo wa Kiula niliujua kuliko uso wake. Alikuwa na kovu la kuungua uji chini ya bega la kushoto, na vidoa vitatu vilivyokaa kama mafiga karibu na uti wa mgongo. Mafiga yale hayakuwahi kusogea wala kunenepa, na kila Ijumaa nilifurahi kuyakuta.

"Safi," nilisema, tukabadilishana nafasi.

"Mikono yako baridi kama chura, kaka," nilimwambia kila mara.

"Shukuru ina vidole vyote," alinijibu kila mara.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu ya wiki. Kiula alikuwa mtu wa Iramba, aliyefiwa na mke siku nyingi, mkimya mpaka unachoka. Mimi natoka Korogwe, na kwetu mtu akinyamaza hivyo tunampeleka hospitali. Mwezi wangu wa kwanza kituoni niliongea mfululizo, mpaka akaniomba, kwa adabu kabisa, nibakize maneno ya kutumia kiangazi. Hakuwa mume wangu na hatukuwahi kuelekea huko. Lakini vidole vile vya baridi ndivyo vilikuwa vidole pekee vya binadamu vilivyonigusa wiki nzima, na mimi nilianza kuvingoja tangu Jumatano.

Kituo chetu kilikuwa ukingoni mwa mteremko wa Sekenke, milingoti mitatu ya chuma na nyumba moja ya kuta nene. Kazi ilikuwa kutunza pazia. Chumvi ya Ziwa Kitangiri husagwa mpaka inakuwa laini kuliko unga wa muhogo, inapandishwa kwa mabomba hadi kwenye ncha za milingoti na kupulizwa angani pamoja na mvuke. Upepo unaibeba hadi juu ya mbuga ya Wembere, na huko inatanda ukungu mwembamba unaowakinga wakulima wa mtama na alizeti. Asubuhi tulilifungua pazia kidogo ili alizeti zisije zikalala, saa tatu tukalifunga. Kichekesho ni kwamba anayetengeneza pazia hakai chini yake. Wenzetu wa mbugani walikuwa na kivuli, sisi juu ya mteremko tulikuwa waziwazi.

Tangu anga lichakae, jua limekuwa jua jingine. Bibi yangu alisimulia kwamba zamani ni watu wenye ualbino tu waliolazimika kuhesabu saa za jua, kuvaa mikono mirefu na kupaka mafuta ya kinga, na wengine waliwacheka. Sasa tunaishi wote kama walivyoishi wao, na waliotufundisha shuleni ni wao. Mwalimu wetu, Madamu Tumpe, alitupanga uwanjani akatuonyesha vivuli vyetu. Kivuli kikiwa kirefu kukuzidi, cheza. Kikiwa kifupi kukuzidi, kimbia ndani. Mpaka leo siwezi kupita mahali pa wazi bila kutazama chini kwanza.

Basi kituoni tulivaa kama watu wanaokwenda kurina asali. Kofia ya ukingo mpana na kitambaa cha kufunika shingo, miwani myeusi, shati la kitambaa kizito lililofungwa hadi kifundo cha mkono, glovu, mabuti. Kengele ya kupaka ililia kila baada ya saa mbili, na ikilia unaacha hata kama umeshika bomba, unapaka mafuta usoni, midomoni na masikioni. Kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni tulifunga madirisha na kulala. Na ndiyo maana kila kituo kilikuwa na watu wawili. Kazi yenyewe ingemtosha mmoja. Wa pili alikuwepo kwa ajili ya mgongo wa wa kwanza, kwa sababu saratani ikianzia mgongoni mtu haioni mwenyewe.

Sehemu nyingine zote, sheria ilisema, kila mtu atajiangalia.

2

Kiula alianza kuchechemea mwanzoni mwa kiangazi. Nilimuuliza akasema ni mwiba. Nikamwambia autoe, akasema utatoka wenyewe, nami nikaachana naye kwa sababu mtu mzima habembelezwi kutoa mwiba.

Jumatano moja, saa saba mchana, niliamka na kiu. Nyumba ilikuwa na giza la madirisha yaliyofungwa, na nje chuma cha milingoti kilikuwa kinalia kwa joto. Mtungi wa maji ulikuwa upande wa Kiula, nyuma ya pazia la kitenge lililotutenganisha. Nilipita nikinyata. Alikuwa amelala kifudifudi, shuka limemvuka, na nyayo zake zimetokeza nje ya kitanda kidogo cha kituo ambacho hakikuwahi kumtosha.

Hapo nilikumbuka kwamba katika muda wote ule sikuwahi kuona nyayo za Kiula. Tulikuwa tunaamka na mabuti na kulala na soksi. Siku ile alikuwa amevua, nafikiri kwa sababu ya maumivu. Unyayo wa kulia, karibu na kisigino, ulikuwa na doa.

Nilisimama na kikombe mkononi nikijiambia ni lami, tena nikajiambia ni ule mwiba umevilia damu. Lakini nimesoma migongo tangu nina miaka kumi na tano na macho yangu hayakukubali kudanganywa. Doa lilikuwa pana kama kifuniko cha soda, jeusi upande mmoja na la kahawia upande mwingine, na kingo zake zilikuwa zimekwenda ovyo, hazina mstari. Katikati palikuwa na kidonda kidogo kilichokataa kufunga.

Nilirudi kitandani kwangu nikachukua jicho. Nilijua ninachofanya. Nilijua kwamba hajasema "soma," na kwamba kwetu sisi mtu akimsoma mwenzake amelala ni afadhali angemwibia. Nilirudi nikiwa nimebana pumzi, nikaliwasha, likapiga picha. Kwenye kioo chake kidogo likatokea neno ambalo sikuwahi kuliona tangu niajiriwe.

ALAMA. Tuma?

Sikutuma. Nililizima, nikalala chali na kiu yangu mpaka saa kumi.

3

Alasiri ile Kiula alikwenda kwenye mlingoti wa tatu, nami nikapiga simu Idara ya Ngozi. Alipokea mwanamke aliyejitambulisha kama Bi. Edina, mwenye sauti ya mtu anayekunywa chai.

"Nauliza tu, dada," nikasema. "Mtu akipata alama kwenye unyayo, inakuwaje?"

"Anakuja kukatwa. Ikiwahiwa anapona, wengi wanapona."

"Halafu?"

"Halafu anahamia Majumba ya Kivuli. Kadi yake ya jua inafutwa, hatoki nje tena."

"Lakini unyayo haupigwi na jua, Bi. Edina. Ile saratani ya nyayo na viganja na chini ya kucha haitokani na jua. Tulifundishwa darasani, ilikuwepo hata enzi za mababu. Sasa kumfungia mtu chini ya ardhi kwa alama ambayo jua halikuileta kunamsaidia nini?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Dada yangu, mfumo hauulizi alama iko wapi. Mfumo unauliza ipo au haipo." Akashusha sauti. "Ni nani mwenye alama hapo?"

"Hakuna. Nilikuwa nauliza tu."

"Sawa. Na msijali sana huko kwenye vituo, mwaka huu tunaanza kugawa wasomaji wa mashine. Kituo kikipungukiwa mtu, hatupeleki mtu tena. Tunapeleka mashine."

Nilimshukuru kwa taarifa, kama mjinga.

Majumba ya Kivuli sikuwahi kuyaona, ila kila mtu anayo picha yake kichwani. Ni machimbo ya zamani ya dhahabu, yamepakwa rangi nyeupe na kuwekwa taa. Watu wanakula vizuri, wanatibiwa, wana bendi yao na timu za mpira. Hakuna anayeteswa. Ni kwamba tu hawatoki.

4

Alhamisi jioni tulikuwa tunapika ugali wa mtama na mlenda. Kiula alikuwa anasonga kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, mguu mmoja ameuinua kidogo kama kuku kwenye baridi.

"Kaka Kiula, hebu niangalie huo mguu."

"Mguu ninauona mwenyewe."

"Na unauona una nini?"

Aliendelea kusonga. Nilidhani amenipuuza kama kawaida yake, kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia. Aliepua sufuria, akaketi, na akaongea maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mara moja.

"Naijua, Siwema. Tangu mvua za mwisho naijua. Si mwiba."

"Ni saratani."

"Ni hiyo."

"Sasa mbona umekaa nayo?"

"Mama yangu walimkuta na alama sikioni mimi nikiwa darasa la tatu. Walimkata, akapona. Nisikie vizuri, alipona kabisa. Akaishi mle ndani miaka ishirini na kitu, mzima wa afya. Tulikuwa tunakwenda kumwona sikukuu. Mara ya kwanza aliniuliza mahindi yamefikia wapi. Baadaye akawa haulizi. Mwishoni tulikuwa tunamwambia ni Desemba, anasema ahaa, kama mtu unayemtajia jina la kijiji asichokijua." Alinawa mikono. "Mimi nina miaka hamsini na sita. Doa likinimaliza baada ya mwaka, nitakuwa nimeumalizia mwaka huo pale nje, nikiona alizeti zinageuka. Ni mguu wangu, dada. Si wako wala si wa idara."

"Na mimi?"

Lilinitoka. Hata sikujua nimeuliza nini hasa.

"Wewe kesho utasoma mgongo, kama sheria inavyosema. Mgongo ni safi. Utasema safi, na hutakuwa umesema uongo."

Tukala. Mlenda ulikuwa umekolea chumvi na hakuna aliyelalamika.

Usinidhanie kwamba nilikuwa na wema wa malaika. Nilitaka sana kukubaliana naye. Hoja zake zilikuwa nzuri, na nilikuwa na zangu juu ya hizo: kwamba sheria ni ya kipumbavu, kwamba kila mtu ana haki na mwili wake, kwamba picha ile niliipata kwa njia ya aibu na haifai kutumika. Lakini chini ya hoja zote hizo palikuwa na jambo moja ambalo sikuweza kulizunguka. Kiula akiondoka, italetwa mashine. Nikinyamaza, nitakuwa na Ijumaa nyingine hamsini za vidole vya baridi, na gharama ataitoa yeye. Kila nilipojiuliza kama nanyamaza kwa ajili yake, jibu lilikuwa linakuja haraka mno, na haraka ile ilinitisha.

Na upande wa pili nao haukunipa raha. Kama nitatuma, nitakuwa nimemfungia mtu huru kwenye shimo lile lile lililommeza mama yake, na kwa kosa ambalo si lake wala la jua. Hapakuwa na mlango wa tatu. Niliutafuta, nakuapia.

5

Ijumaa alikaa kwenye kigoda akavua shati.

"Soma."

Nilianzia nyuma ya masikio. Nilikwenda polepole kuliko siku zote, shingo, mabega, kovu la uji, mafiga matatu mahali pake. Nilipofika kiunoni nilirudi juu nikaanza tena, na yeye hakuuliza kwa nini. Ulikuwa mgongo mzuri, mgongo wa mtu aliyejitunza kila siku ya maisha yake, aliyepaka kila kengele ilipolia na kuvaa kofia hata kwenda msalani. Alifanya yote tuliyofundishwa. Hakuna aliyetufundisha kugeuza nyayo.

Nilimaliza na sikusema neno.

"Siwema," akasema bila kugeuka. "Sema."

"Mgongo ni safi."

"Haya, asante."

"Lakini nina picha ya unyayo."

Mabega yake yalitulia. Kuku wetu mmoja alikuwa anaparura ukutani nje, na nilimsikia vizuri sana.

"Picha ya lini?"

"Jumatano mchana. Ulikuwa umelala."

Aligeuka. Katika muda wote wa kusomana hakuwahi kunigeukia akiwa hana shati, alikuwa mtu wa heshima namna hiyo. Alinitazama kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umevunjwa na aliyeuvunja yuko ndani anamkaribisha.

"Ulinisoma nimelala?"

"Ndiyo."

"Sikukwambia usome."

"Hukuniambia."

"Basi hiyo picha huna. Hiyo picha haipo."

"Ipo, kaka. Na naituma. Nimeona nikuambie usoni kwanza."

"Siwema, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hakuwahi. Mtu yule aliweza kupandisha gunia la chumvi ngazini peke yake badala ya kuniambia shika huku. Kioo cha jicho kilikuwa kimelowa jasho. Nilitaka aninyang'anye. Kwa nguvu zake angeweza kulichukua na kulitupa chini ya mteremko, na mimi ningelia, na ningekuwa nimejaribu. Alikaa tu na mikono juu ya magoti, akanisubiri niwe mtu yule aliyekuwa akinidhania.

Nikabonyeza.

Sikuwa na hakika kwamba nafanya haki. Mpaka leo sina. Nilijua tu kwamba mtu aliye hai anaweza kunichukia, na aliyekufa hawezi hata hilo.

Kiula alivaa shati, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Akachukua kofia akatoka kwenda kufungua pazia la asubuhi, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Mgongo wangu siku ile haukusomwa.

6

Gari la vioo vyeusi lilifika Jumamosi alasiri, kivuli cha milingoti kilipokuwa kimerefuka. Walishuka vijana wawili wenye adabu sana, wakamwamkia shikamoo mzee, wakamuuliza kama angependa kubebwa. Akasema ana miguu. Alikuwa na begi moja, na alitembea hadi kwenye gari akichechemea, kofia kichwani, bila kutazama kulia wala kushoto. Mlangoni alisimama. Nikadhani ataniambia kitu.

"Mpini wa mlingoti wa pili unakwama ukiuvuta kulia," akasema. "Uvute kushoto kwanza."

Kisha wakafunga mlango.

Mashine ililetwa siku chache baadaye, ndefu na nyembamba kama kitundikio cha nguo, ikasimamishwa pale kilipokuwa kigoda. Ina jicho kubwa na sauti ya msichana wa redioni. Siku ya kwanza nilikaa nikaipa mgongo kwa mazoea, nikasubiri. Nayo ikasubiri. Hatimaye nikasema, "Soma," ikanijibu kwamba usomaji umeshakamilika tangu nilipovua, ngozi yangu ni salama kwa asilimia tisini na tisa, na asante kwa kujitunza. Nilivaa nguo nikaenda kukaa kwa kuku.

Hapo ndipo nilipoujua upweke, na ule wa kukaa na mtu mkimya nikaona ulikuwa sherehe. Nilizungumza na mabomba. Niliwasalimu wakulima wa Wembere kwa sauti kubwa kutoka ukingoni, wakati najua hawanisikii. Ijumaa zilinipita kooni kama kitu kisichotafunwa. Kengele ya kupaka ililia, nikapaka, maana mkono ulikuwa umezoea, lakini kuna siku nilisahau glovu na sikurudi kuzichukua, na kuna siku nilikaa nje hadi saa nne na nusu nikitazama kivuli changu kikijikunja miguuni, na sikuona sababu ya kukimbia. Ya nyayo ndiyo sikuyagusa kabisa. Nilivaa soksi gizani.

Idara niliipigia kila wiki. Nilimweleza Bi. Edina habari za nyayo mpaka nadhani anaweza kuzifundisha. Aliniambia shauri la Kiula limefika barazani, kisha kwamba baraza halijakaa, kisha kwamba limekaa lakini halikulifikia. Nilimuuliza Kiula anaendeleaje. Akasema taarifa za wakazi wa Kivuli anazitoa mkazi mwenyewe akipenda. Kiula hakupenda, na nilimwelewa.

7

Simu iliita Ijumaa moja asubuhi, nikiwa sijamaliza kufungua pazia. Nilifikiri ni idara.

"Siwema."

Nilikaa chini palepale, kwenye udongo, na bomba likimwaga chumvi pembeni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Nyuma yake palikuwa na mwangwi, kama mtu anayeongea ndani ya tangi. "Mlingoti wa pili unauvuta kushoto?"

"Nauvuta."

"Alizeti?"

"Zimeanza kuinama. Mwaka huu zimebeba. Wiki mbili tatu watavuna."

Nilitaka kumwambia mambo mengi, na mimi nakosa maneno mara chache sana, lakini siku ile yalikwama yote.

"Walikata kisigino chote," akasema. "Wanasema haikuwa imepanda mwilini. Ningesubiri mvua nyingine, ingekuwa imepanda."

"Alhamdulillahi."

"Usimshukuru Mungu upesi hivyo. Sijakusamehe."

"Najua."

"Nilitaka ulijue kutoka kwangu, usije ukasikia nimepona ukadhani yamekwisha. Hayajakwisha. Huku taa haizimwi, Siwema. Jana nimemuuliza mtu tuko mwezi gani, akacheka." Nilimsikia akivuta pumzi. "Na huku hawasomani. Wanasema hakuna jua, kwa hiyo kuna haja gani. Nina majuma sijaguswa na mtu ambaye hajavaa glovu."

"Hata mimi," nikasema, na machozi yakaanza.

Hakunibembeleza. Alisubiri mpaka nikamaliza, kama alivyokuwa akisubiri nimalize kuongea.

"Unaangalia nyayo?" akauliza.

"Naangalia."

"Siwema."

"Siangalii," nikasema. "Sijaangalia hata siku moja."

"Vua mabuti."

"Kaka, niko nje, jua limeshapanda."

"Kivuli chako kirefu?"

Nikatazama. "Kirefu."

"Basi vua. Mimi nasubiri."

Nikavua mabuti, nikavua soksi, nikaweka simu begani na mguu juu ya goti. Nyayo zangu zilikuwa zimepauka na kupasuka visigino, na sikumbuki lini nilikuwa nimezitazama mara ya mwisho. Niliogopa nitakachokikuta, na nilipoona naogopa nikashangaa, kwa maana majuma yote yale nilikuwa nimejiaminisha kwamba sijali.

"Niko tayari," nikasema. "Soma."

"Anzia kwenye vidole," akasema Kiula. "Katikati ya kila kidole. Halafu unaniambia unachokiona, polepole, usiruke."

Nikamwambia. Kidole kwa kidole, ufa kwa ufa, mguu wa kulia kisha wa kushoto, na yeye kule chini alikuwa anaitikia, ehe, endelea, ehe. Nilipomaliza nilinyamaza, maana neno lile halisemwi na anayesomwa.

"Safi," akasema. "Ila paka mafuta, visigino gani hivyo."

"Na wewe? Nikusome?"

"Mimi nina moja na nusu, sitakuchelewesha." Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa kavu. "Si leo. Leo siwezi. Ijumaa ijayo nitapiga, nione kama nitaweza."

Akakata.

Nilivaa soksi na mabuti nikaenda kufunga bomba lililokuwa linamwaga, na chumvi ilikuwa imekwisha kutanda udongoni kote.